Naomi ni jina la Biblia au la Kijapani? Na maana yake hasa ni ipi?

#1 Baba Kijacho

Wakuu, habari za muda huu.

Mama watoto yuko mwezi wa nane na kipimo kimesema ni binti. Jina kashachagua mwenyewe: Naomi. Mama mkwe kafurahi mno, ni jina la Biblia, la yule mkwewe Ruthu. Tatizo limeletwa na shemeji yangu anayeagiza magari kutoka Japani. Kaja Jumapili na simu mkononi, anasema Naomi ni jina la Kijapani, ukurasa mmoja umemwambia maana yake ni "mnyoofu na mzuri", mwingine umemwambia kitu kingine kabisa. Mama mkwe kanuna, anauliza kwa nini mjukuu wake apewe jina la kipagani.

Naomba mwenye ujuzi anisaidie. Jina ni la nani na maana yake ni nini? Nataka jibu moja tu nilipeleke nyumbani yaishe.

#2 Kiboko ya Msasani

La Naomi Campbell. Uzi ufungwe.

#3 shangazi_Tabora

Mwanangu mwite Naomi, usijitese. Huku kwetu wapo akina Shida, Tabu na Mashaka, na wamejenga.

#4 Nagoya_Kwetu

Baba Kijacho, hongera. Jibu moja hutalipata. Shemeji yako yuko sahihi na mama mkwe yuko sahihi, ila kila mmoja anazungumzia jina lake. Ni majina mawili yaliyogongana sauti.

Nianze na la Kijapani. Niko huku Nagoya kikazi, na kitu kilichonichukua muda kukizoea ni kwamba mtu akikutajia jina lake bado hujalijua. Umesikia "Naomi", sawa. Ila karani wa benki atauliza papo hapo: linaandikwaje? Majina mengi huku yanaandikwa kwa kanji, zile herufi zilizotoka China, na kila kanji ina maana yake. Sauti moja inaweza kubebwa na kanji nyingi tofauti. Kwa hiyo ukitaka maana, usiitafute kwenye sauti. Itafute kwenye mwandiko ambao mzazi aliuchagua siku ya kuandikisha mtoto.

Mwandiko uliozoeleka zaidi wa Naomi ni 直美. Ya kwanza, 直, inasomwa "nao", na inabeba maana za kunyooka, unyoofu wa moyo, pia kurekebisha kitu kilichoharibika. Ukiichunguza utaona jicho ndani yake, kile kiboksi chenye mistari. Hapo zamani ilichorwa jicho lenye mstari wima juu yake, yaani kutazama moja kwa moja bila kupepesa. Ya pili, 美, inasomwa "mi" na maana yake ni uzuri. Hii nayo ina kisa kitamu: juu ni kondoo, chini ni "kubwa". Kamusi ya kale ya Kichina iitwayo Shuowen Jiezi, iliyokamilika takriban mwaka 100 baada ya Kristo, inaieleza kwa utamu wa chakula, kondoo mkubwa aliyenona. Wapo wataalamu wanaosema hapana, ule ni mchoro wa mtu aliyevaa pembe za kondoo kichwani kama pambo la ngoma. Mimi nimekulia kwa wafugaji, naegemea kondoo aliyenona.

Hapo ndipo shemeji alipoitoa "mnyoofu na mzuri" yake. Ni kweli, lakini ni kweli kwa akina Naomi wa mwandiko huo tu. Wapo wanaoandika 尚美, ambapo ile "nao" ina maana ya kuheshimu, kuthamini. Wapo 奈緒美, kanji tatu kwa silabi tatu: ya kwanza iko pale zaidi kwa ajili ya sauti (ndiyo inayoanza jina la mji wa kale wa Nara), ya kati ni ncha ya uzi, ya mwisho uzuri. Wapo 直実, "mi" ikiwa tunda au ukweli wa kitu. Mzazi akipenda bahari anaweza kuweka 海, nayo husomeka "mi". Kurasa zinazokupa mstari mmoja wa "Naomi maana yake fulani" zimechagua mwandiko mmoja na kunyamazia mingine. Ndiyo maana shemeji kakuta majibu mawili.

#5 Mzee wa Mbezi

Nagoya_Kwetu umetisha. Sasa huyu mcheza tenisi, Naomi Osaka, yeye wa mwandiko gani?

#6 Nagoya_Kwetu

Mzee wangu shikamoo. Umeuliza palepale pagumu.

Naomi Osaka kwa Kijapani anaandikwa 大坂なおみ. Jina la ukoo ni kanji, lakini hilo "なおみ" ni hiragana, mwandiko wa silabi ambao unabeba sauti peke yake. Na, o, mi. Hakuna kunyooka, hakuna kondoo. Kwa hiyo aliyeandika mtandaoni kwamba jina la bingwa wa US Open 2018 "linamaanisha uzuri mnyoofu" amemvika kanji ambazo hazionekani kwenye jina lake.

Na jina la ukoo si sawasawa na la mji wa Osaka alikozaliwa mwaka 1997. Mji unaandikwa 大阪, yeye 大坂. Angalia ubavu wa kushoto wa kanji ya pili, haufanani. Ni jina la upande wa mama yake, ambaye ni Mjapani. Baba ni mtu wa Haiti. Familia ilihamia Marekani yeye akiwa na miaka 3. Hapo "Naomi" linafanya kazi vizuri sana: halimpi shida mwalimu wa Marekani wala bibi wa Japani. Julai 2021 ndiye aliyewasha mwenge wa Olimpiki pale Tokyo.

#7 Kiboko ya Msasani

Kwa hiyo kuna jina lisilo na maana na mtu akawa namba moja duniani. shangazi_Tabora ameshinda kesi.

#8 BintiMvita

Salaam kutoka Mombasa. Mmemaliza ya Japani, wacha mimi nishike ya Biblia maana naona hamjaigusa.

Naomi wa kitabu cha Ruthu ni jina la Kiebrania, na kiini chake ni konsonanti tatu: nun, ayin, mem. Maana yake ni kupendeza, utamu wa maisha. Ndiyo sababu baada ya kufiwa na mume na wanawe wawili kule Moabu, aliporudi Bethlehemu aliwakataza wanawake wasimwite Naomi, wamwite Mara, chungu. Bila kujua maana ya jina, mstari ule hauna ladha.

Sasa wenye Kiarabu kidogo mtaona ninakoelekea. Kiarabu nacho kina mzizi uleule, n-ayn-m, kwani lugha hizi ni ndugu. Humo ndimo ilimo na'im, raha na starehe, na ni'ma, ambayo sisi tumeifanya NEEMA. Kwa hiyo Naomi, Naima na Neema ni watu wa ukoo mmoja. Mwambieni mama mkwe kwamba jina la mjukuu limeshakaa Uswahilini miaka na mikaka, ila limevaa kanga nyingine.

#9 Baba Kijacho

BintiMvita!! Hii nampelekea sasa hivi.

#10 Mwenye Shaka

Mimi kuna kitu hakiniingii. Wajapani walipata wamisionari kama sisi. Si wamelichukua tu hukohuko kwenye Biblia, halafu wakalipachika kanji zao ili lionekane la kwao? Sisi tumefanya hivyo mara ngapi. Yohana, Yakobo, Petro.

#11 Nagoya_Kwetu

Swali la haki. Nikupe nusu na nikunyime nusu.

Nusu ninayokunyima: "nao" ni kipande cha kale sana katika majina ya Kijapani, cha kabla Mzungu hajatia nanga kule. Kuna shujaa wa karne ya 12 aitwaye Kumagai Naozane, yule aliyemuua kijana Atsumori kwenye vita vya Ichi-no-Tani mwaka 1184, akaandamwa na majuto hadi akaingia utawa wa Kibudha. Jina lake linaandikwa 直実. Rudi juu uone: ni kanji zilezile ambazo leo binti anaweza kuandikia Naomi. Kwa shujaa zinasomwa Naozane, kwa binti Naomi. Wamisionari wa kwanza, Wajesuti, walifika mwaka 1549. "Mi" nayo ni mwisho wa kawaida wa majina ya kike: Akemi, Yumi, Hiromi, Kumi. (Ndiyo, Kumi ni jina la mtu huku, na hakuna anayehesabu.) Vipande vyote viwili vilikuwepo, kuviunganisha hakukuhitaji Biblia.

Nusu ninayokupa: kupendwa kwa jina ni jambo jingine, na hapo sidhani kama sauti ya Kizungu haikuchangia. Mwenye fasihi humu ataeleza vizuri kuliko mimi.

#12 Kiboko ya Msasani

Hilo jina la ukoo la shujaa mkuu ulilazimika kuliandika? Silabi mbili za mwanzo hizo... watoto wanasoma.

#13 Nagoya_Kwetu

Ni "dubu" kwa Kijapani. Na mkoa mzima unaanza nalo. Tuendelee tafadhali, moderator yuko macho.

#14 Mwana Nathari

Nimeitwa, nimekuja.

Mwaka 1924 mwandishi Jun'ichirō Tanizaki alianza kutoa hadithi gazetini kuhusu mhandisi aliyemchukua binti mhudumu wa mgahawa ili amlee awe mke wa kisasa. Binti anaitwa Naomi. Na kilichomvutia yule bwana tangu mwanzo ni jina lenyewe: lina kanji zake tatu halali, 奈緒美, lakini ukiliandika kwa herufi za Kirumi linageuka kuwa la mwanamke wa Ulaya. Bwana akawa analiandika kwa katakana, mwandiko wanaoutumia kwa maneno ya kigeni. Jina limehamishwa nchi bila kubadilishwa sauti hata moja. Hadithi ilizua kelele, gazeti likaisimamisha katikati, akaimalizia kwenye jarida. Wasichana wa mjini wenye nywele fupi na tabia za kujitawala wakawa wanahusishwa na huyo Naomi.

Kwa hiyo Mwenye Shaka hajakosea sana. Wajapani wenyewe walishaliona hilo jina kuwa na sura mbili miaka mia iliyopita.

Na kabla yake alikuwepo Mori Ōgai, daktari wa jeshi na mwandishi, aliyesoma Ujerumani kati ya 1884 na 1888. Huyu alifanya makusudi. Watoto wake aliwaita Oto, Mari, Furitsu, Annu na Rui. Soma kwa sauti: Otto, Marie, Fritz, Anne, Louis. Wote kwa kanji safi kabisa. Mari ni 茉莉, yasmini. Kule ndiko kupachika anakosema Mwenye Shaka, ila halikuwa jambo la wamisionari, ni baba mmoja aliyerudi kutoka Ulaya na hamu zake.

#15 Mwenye Shaka

Nimekubali nusu yangu, nashukuru.

#16 Mpagazi Mstaafu

Wakuu, mimi nimepandisha wageni Kilimanjaro tangu ujana wangu. Wajapani kadhaa walikuwa wakinitajia "Uemura Naomi" kwa heshima kama sisi tunavyomtaja Mwalimu. Ni mwanamume huyo. Nikajiuliza jina la kike limefikaje kwa jemadari wa milima. Nagoya_Kwetu hebu litatue.

#17 Nagoya_Kwetu

Mzee shikamoo, umeleta kitu ambacho nilikuwa nimekisahau kabisa.

Naomi ni la kike kwa wingi, lakini wanaume wapo, na tofauti utaiona kwenye kanji. Uemura aliandika 直己. Ile "mi" si uzuri, ni 己, nafsi, mtu mwenyewe. Aliyelisoma kwenye karatasi asingetarajia binti. Aliyelisikia kwa simu, huenda.

Na mtu mwenyewe anastahili aya yake, maana huko kwenu alifika. Alizaliwa mkoa wa Hyōgo tarehe 12 Februari 1941, mtoto wa mkulima. Mwaka 1966 alipanda Kilimanjaro, kijana asiye na hela, akiishi kwa vibarua Ulaya ili apate nauli ya mlima unaofuata. Tarehe 11 Mei 1970 yeye na mwenzake Matsuura wakawa Wajapani wa kwanza kusimama juu ya Everest. Mwaka huohuo akapanda na Denali kule Alaska, na hapo akawa amefika kilele cha juu cha mabara matano. Mwaka 1978 akafika Ncha ya Kaskazini peke yake na mbwa wa kuvuta sleji. Februari 1984 akarudi Denali, safari hii majira ya baridi, peke yake tena. Alifika kileleni siku aliyotimiza miaka 43. Aliwasiliana kwa redio siku iliyofuata, halafu kimya. Mwili haujapatikana hadi leo.

#18 Mpagazi Mstaafu

Marahaba. Sasa nimeelewa kwa nini walikuwa wakinyamaza kidogo baada ya kumtaja.

#19 shangazi_Tabora

Jamani uzi wa jina la mtoto umefika Alaska. Mimi nina swali la mama: je, huko mzazi anaweza kuandika chochote anachotaka? Huku mjukuu wangu kaitwa jina ambalo hata mwalimu hawezi kulitamka.

#20 Nagoya_Kwetu

Shangazi, hapana. Mtoto lazima aandikishwe ndani ya siku 14, na kanji zinazoruhusiwa zina orodha ya serikali: 2,136 za matumizi ya kawaida na 863 za majina. Nje ya hapo unabaki na hiragana na katakana. Na hata kanji ikiwemo kwenye orodha unaweza kukwama. Mwaka 1993 baba mmoja wa mji wa Akishima, Tokyo, alitaka mwanawe aitwe Akuma, yaani Ibilisi. Kanji zote mbili zilikuwa halali. Halmashauri ikagoma, kesi ikaenda hadi taifa zima likawa linabishana, mwishowe mtoto akapewa jina jingine.

Ila palikuwa na tundu la ajabu. Daftari la familia, koseki, lilirekodi kanji tu. Usomaji haukuandikwa! Kisheria ungeweza kuandika "mwezi" ukasema unasomwa kwa Kiingereza "Muun", au neno lolote ulilootea. Walimu waliteseka kama huyo wa mjukuu wako. Tangu tarehe 26 Mei 2025 sheria imebadilika, usomaji nao unaingia kwenye daftari na lazima uwe ule unaokubalika kwa kawaida. Watu walitumiwa barua nyumbani wahakiki jinsi majina yao yanavyosomwa.

Akina Naomi hawakuwa na tabu hiyo. 直美 linasomeka na kila mtu. Tabu yao ni umri: lilivuma sana miaka ya 1960 na 1970, kwa hiyo leo Mjapani akiona jina hilo kwenye karatasi anamwazia shangazi, hamwazii mtoto wa chekechea.

#21 shangazi_Tabora

Basi jina zuri. Mashangazi tupo.

#22 Baba Kijacho

Wakuu mrejesho. Mama mkwe nimemsomea ya BintiMvita. Kafurahi kupita kiasi, na sasa anasema kama Naomi na Neema ni kitu kimoja, basi mtoto aitwe Neema, jina la marehemu mama yake. Mke wangu hataki. Shemeji anacheka. Mmenisaidia au mmeniongezea?

#23 BintiMvita

Aitwe Naomi Neema. Hamtakuwa wa kwanza kumpa mtoto jina moja mara mbili.

#24 Baba Kijacho

Hilo nalipeleka mezani leo usiku. Swali la mwisho kwa Nagoya_Kwetu, ni la shemeji: mtoto akikua akaenda huko kusoma, atajiandika kwa zile kanji za mnyoofu na mzuri?

#25 Nagoya_Kwetu

Kwenye karatasi rasmi, hapana. Jina lake litafuata pasipoti, herufi za Kirumi, na kwa Kijapani watamwandikia katakana: ナオミ. Yaleyale ya bwana wa kwenye hadithi ya Mwana Nathari. Kwa kujifurahisha wageni wengi hujichagulia kanji, na wapo mafundi wa mihuri watakaomchongea 直美 akilipa. Mwambieni tu asikubali kanji kutoka kwa mtu aliyekutana naye baa.

Matamshi hayatampa kazi. Wao wanasema Na-o-mi, silabi tatu zilizo wazi, kama sisi. Wanaosema "Neyomi" ni Waingereza. Na ajiandae kuitwa Naomi-san kazini na Nao-chan na marafiki, kwa sababu kumwita mtu jina tupu kule ni kukosa adabu, labda uwe mzazi wake au mmeshibana sana.

#26 Kiboko ya Msasani

Naomi Campbell-san.